Hemingway: Baba wa mashujaa wakakamavu aliyevua samaki Malindi

MNAMO Februari mwaka wa 1934, kundi dogo la wageni kutoka Marekani liliteremka hadi Malindi baada ya takriban miezi miwili ya kuwinda simba, nyati, vifaru na tandala katika nyika za Kenya na Tanganyika. Aliyeliongoza alikuwa mwanamume wa miaka 34, mrefu, mpana wa mabega, aliyekuwa ametoka kuugua ugonjwa wa kuhara damu uliomlazimisha kusafirishwa kwa ndege kutoka mbugani hadi Nairobi. Jina lake lilikuwa Ernest Hemingway.

Malindi ya wakati huo ilikuwa mji mdogo wa wavuvi na wakulima. Utalii ndio kwanza ulikuwa ukianza, na hoteli za ufuo zilikuwa za kuhesabika. Lakini pepo za kaskazi zilikuwa zikivuma, na huo ndio msimu ambao sulisuli, jodari na nguru hukaribia maji ya pwani ya Malindi na Watamu. Pamoja na mgeni huyo walikuwapo mkewe Pauline, rafiki yake Charles Thompson, tajiri kijana Alfred Vanderbilt, na mwindaji Bror Blixen, aliyekuwa mume wa mwandishi Karen Blixen. Walivua, wakapumzika, kisha wakarudi Mombasa kupanda meli iliyoitwa Gripsholm kuelekea Ulaya.

Wengi wanaomkumbuka Hemingway katika eneo hili humkumbuka kwa uvuvi na uwindaji. Hata hoteli moja mashuhuri ya Watamu ina jina lake. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mtu huyu ni mmoja wa waliomuumba shujaa mkakamavu wa hadithi za uhalifu: yule mwanamume wa maneno machache, asiyetetemeka mbele ya mtutu wa bunduki, asiyelia wala kujieleza. Shujaa huyo alihamia kwenye sinema akazunguka dunia nzima. Alipokuwa akizunguka, alibadilishwa, na mabadiliko hayo hayakuwa madogo.

Hemingway alizaliwa Julai 21, 1899, katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago. Baba yake alikuwa daktari na mama yake mwanamuziki. Baada ya shule hakwenda chuo kikuu. Alijiunga na gazeti la Kansas City Star mwaka wa 1917, akapangiwa kufuatilia habari za kituo cha polisi na hospitali kuu ya mji. Hapo kijana wa miaka 18 aliwaona majeruhi wa visu, wezi, walevi na maiti kabla hajaandika hadithi yoyote ya maana. Gazeti hilo lilikuwa na kanuni zake za uandishi: sentensi ziwe fupi, lugha iwe na nguvu, maneno ya mapambo yaachwe. Mafunzo hayo hayakumtoka maisha yake yote.

Mwaka uliofuata alikwenda Italia kuendesha magari ya Shirika la Msalaba Mwekundu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Usiku wa Julai 8, 1918, kombora lilimlipukia karibu na kijiji cha Fossalta, na vipande vingi vya chuma vikamwingia miguuni. Alipopona alirudi kwenye uandishi wa habari, akaoa, akahamia Paris, na huko akaandika hadithi fupi.

Moja ya hadithi hizo ndiyo chanzo cha mambo yote haya. Inaitwa The Killers, na ilichapishwa katika jarida la Scribner’s mwaka wa 1927. Wanaume wawili waliovaa makoti yanayowabana wanaingia kwenye mkahawa mmoja jioni. Wanaagiza chakula, wanamdhihaki mhudumu, kisha wanamfunga kamba kijana mmoja pamoja na mpishi na kueleza waziwazi kwamba wamekuja kumuua mwanabondia wa zamani anayeitwa Ole Andreson. Mwanabondia hatokei, nao wanaondoka. Kijana anakimbia kumwonya. Anamkuta Andreson amelala kitandani, ameuelekea ukuta. Anaambiwa habari zote, anashukuru, lakini haondoki. Amechoka kukimbia. Hadithi inaisha bila risasi kufyatuliwa wala msomaji kuambiwa kosa la mwanabondia huyo.

Hemingway aliamini kwamba hadithi ni kama jabali la barafu lielealo baharini, ambalo sehemu yake kubwa imezama. Mtu wa Pwani angetaja mwamba: maji yakijaa huonekana ncha tu, lakini nahodha anajua kilichoko chini na huukwepa. Ndivyo wahusika wa Hemingway walivyo. Huzungumzia mayai na nyama, na msomaji husikia mauti.

Wakati huohuo, mwandishi mwingine wa Marekani, Dashiell Hammett, aliyewahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, alikuwa akichapisha hadithi za wapelelezi wakali katika jarida la Black Mask. Alianza mwaka wa 1922, kwa hiyo si haki kudai kwamba Hammett alifundishwa na Hemingway. Wahakiki wameubishania utangulizi huo kwa miaka mingi, na huenda ubishi wenyewe hauna faida. Wote wawili walikuwa wametoka mitaani, wakachoshwa na lugha ya madoido. Hemingway mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1932 kuhusu mchezo wa kupigana na mafahali kwamba mkewe alimsomea riwaya ya Hammett wakati macho yake yalipokuwa yakimsumbua. Naye Raymond Chandler, mrithi wa Hammett, alimfanya mpelelezi wake Philip Marlowe ambandike polisi mmoja jina la Hemingway katika riwaya ya mwaka wa 1940, kwa utani kwamba mtu huyo hurudiarudia neno moja hadi usadiki kuwa ni zuri. Hayo yalikuwa masihara ya watu wa ukoo mmoja.

Tukirudi kwa safari ya 1934, Hemingway hakufika Malindi akiwa mikono mitupu. Kabla ya kuja Afrika alikuwa amekwisha kuandika hadithi ndefu kuhusu nahodha wa mashua aitwaye Harry Morgan, nayo ilichapishwa katika jarida la Cosmopolitan mwezi wa Aprili mwaka huo, wakati ambapo mwandishi ndio kwanza alikuwa amerejea Marekani. Morgan anaishi Key West, Florida, na hujipatia riziki kwa kukodisha mashua yake kwa matajiri wanaotaka kuvua samaki wakubwa. Tajiri mmoja anavua kwa majuma matatu, anapoteza vifaa vya gharama kubwa kwa uzembe wake, kisha anatoroka kwa ndege bila kulipa hata senti. Nahodha yeyote wa Malindi au Watamu anayewategemea watalii ataelewa mara moja uzito wa tukio hilo. Morgan ana mke na mabinti wa kulisha. Analazimika kuingia katika magendo ya kusafirisha watu, na hapo anaua kwa mara ya kwanza.

Hemingway aliiendeleza hadithi hiyo hadi ikawa riwaya kamili, To Have and Have Not, iliyotoka mwaka wa 1937. Humo Morgan anapoteza mkono mmoja katika ufyatulianaji wa risasi akisafirisha pombe ya magendo kutoka Cuba. Anapoteza mashua yake. Mwishowe anawabeba wanyang’anyi wa benki, anawaua wote, lakini naye anapigwa risasi ya tumbo na kufa, akiwa ametambua kwamba mtu peke yake hana uwezo mbele ya dunia ilivyopangwa. Ni riwaya yenye kasoro nyingi. Sura nyingine zimeunganishwa kama viraka. Hata hivyo, ni ya kikatili kwa ukweli wake kuhusu umaskini, na Morgan si mfano wa kuigwa. Ni mtu mgumu kwa sababu maisha hayakumwachia nafasi ya kuwa laini.

Hebu sasa tazama sinema ilivyomtendea. Inasimuliwa kwamba mwongozaji Howard Hawks alimtambia Hemingway kuwa anaweza kutengeneza filamu nzuri kutokana na kitabu chake kibaya kuliko vyote, na akakitaja hiki. Filamu ilitoka mwaka wa 1944, Humphrey Bogart akiwa Morgan na Lauren Bacall akicheza filamu yake ya kwanza. Mmoja wa walioandika mchezo wake alikuwa William Faulkner, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kama Hemingway mwenyewe. Mambo yalihamishwa kutoka Cuba hadi kisiwa cha Martinique wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mke na watoto wa Morgan wakafutwa. Mkono haukukatika. Badala ya magendo ya njaa, Morgan anawasaidia wapiganaji wa Ufaransa huru, na mwisho wake anaondoka akitabasamu na binti mrembo ubavuni.

Watazamaji wa sinema katika Afrika Mashariki wana kanuni yao: steringi hafi. Hollywood nayo iliishika kanuni hiyohiyo. Filamu nyingine mbili zilitokana na riwaya hii, ya mwaka wa 1950 iliyoongozwa na Michael Curtiz na ya mwaka wa 1958 iliyoongozwa na Don Siegel. Ile ya Curtiz, iliyoitwa The Breaking Point, ndiyo iliyokaribia zaidi roho ya kitabu. Humo nahodha, aliyechezwa na John Garfield, ana mke, ana madeni na ana aibu. Hata yeye hakuruhusiwa kufa.

Ile hadithi ya mkahawani nayo ilipata mkondo wake. Mwaka wa 1946 Robert Siodmak aliitengeneza kuwa filamu iliyomtambulisha Burt Lancaster kwa dunia, pamoja na Ava Gardner. Dakika za mwanzo zinafuata maandishi kwa uaminifu mkubwa. Baada ya hapo wauaji wanampata mwanabondia na kumuua, kisha anaingia mpelelezi wa kampuni ya bima, na filamu iliyobaki inaeleza kila kitu ambacho Hemingway alikataa kukieleza: wizi, mwanamke msaliti, fedha zilizopotea. Ni kazi nzuri sana, na inasemekana kuwa ndiyo filamu pekee iliyotokana na maandishi yake aliyoifurahia. Mwaka wa 1956 mwanafunzi wa sinema mjini Moscow, Andrei Tarkovsky, alitengeneza filamu fupi ya hadithi hiyohiyo pamoja na wenzake. Kisha mwaka wa 1964 Siegel akaitengeneza tena, Lee Marvin akiwa muuaji na Ronald Reagan akiwa kinara wa wahalifu. Ilikusudiwa kuonyeshwa kwenye televisheni, lakini ikaonekana ni katili mno, ikapelekwa kwenye majumba ya sinema. Hiyo ilikuwa filamu ya mwisho ya Reagan; baada ya miaka 17 alikuwa Rais wa Marekani.

Safari ya Kenya ilimpa Hemingway hadithi nyingine ya uhalifu, na hii ina mizizi ya hapa nyumbani. Katika The Short Happy Life of Francis Macomber ya mwaka wa 1936, tajiri Mmarekani anamkimbia simba mbele ya mkewe na mwindaji wao. Mke anamdharau na kwenda usiku kwenye hema la mwindaji. Siku ya pili mume anapata ujasiri, anasimama imara mbele ya nyati, na papo hapo risasi iliyofyatuliwa na mkewe inampata kichwani. Je, alimlenga nyati au mume? Hadithi haijibu.

Inaaminika kwamba mwandishi alilipata wazo hilo kutoka kwa Philip Percival, mwindaji mtaalamu aliyemwongoza, aliyekuwa mkazi wa Machakos na mjuzi wa visa vyote vya walowezi. Mwaka wa 1908, Luteni Kanali John Patterson, yuleyule aliyewaua simba wala watu wa Tsavo wakati wa ujenzi wa reli, alikwenda safarini na Mwingereza Audley Blyth na mkewe. Blyth alikufa kwa risasi ndani ya hema. Patterson alimzika porini na safari ikaendelea pamoja na mjane. Minong’ono ilienea kila mahali, mambo yakafika hadi Bunge la Uingereza, na Patterson akaacha kazi yake ya usimamizi wa wanyamapori Kenya. Hakuna aliyeshtakiwa. Ajabu ni kwamba Patterson naye aliingia kwenye sinema kama shujaa asiye na doa, katika filamu ya mwaka wa 1996 iliyochezwa na Val Kilmer. Kisa cha hema hakimo.

Filamu ya hadithi ya Macomber ilitoka mwaka wa 1947, Gregory Peck akiwa mwindaji. Peck huyohuyo alicheza mwaka wa 1952 katika The Snows of Kilimanjaro. Kwenye maandishi, mwandishi mgonjwa anakufa kwa kidonda kilichooza mguuni, akijutia yote ambayo hakuyaandika. Kwenye filamu, anaokolewa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wanaume wa Hemingway ni watu walioshindwa ambao hawakubali kujidhalilisha. Ukakamavu wao ni namna ya kuubeba msiba. Sinema ilichukua sauti, kofia, sigara na ukimya wao, ikauacha msiba. Nakala hiyo ndiyo iliyofika kwenye majumba ya sinema na vibanda vya video kote Afrika Mashariki, na harufu yake imo pia katika riwaya zetu. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyetokea Unguja katika Mzimu wa Watu wa Kale, ni mtu wa kufikiri, jamaa wa Sherlock Holmes. Lakini Willy Gamba, aliyeletwa na Elvis Musiba wa Tanzania katika Kufa na Kupona mwaka wa 1974, ni wa ukoo mwingine: ngumi, bastola, wanawake warembo na ushindi. Nchini Kenya, kumbukumbu za John Kiriamiti, My Life in Crime, zilizotoka mwaka wa 1984, ndizo zilizourudisha msiba mahali pake, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa amefungwa kweli kwa kosa la wizi wa mabavu.

Hemingway mwenyewe alinaswa na sanamu aliyoichonga. Mara tu aliporudi kutoka Mombasa mwaka wa 1934 aliagiza mashua ya uvuvi ya futi 38, akaiita Pilar, na mwaka uliofuata akaandika katika jarida la Esquire makala kuhusu sulisuli wa bahari ya Mombasa. Picha zake akiwa na samaki wakubwa, bunduki na ndevu zilienea. Wasomaji walitaka awe kama Bogart, naye, kwa kiasi kikubwa, alikubali. Inasikitisha kwamba hakuandika riwaya yoyote kuhusu watu wa Pwani waliomkaribisha baharini. Kitabu cha safari hiyo, Green Hills of Africa cha mwaka wa 1935, ni cha wanyama na fahari ya mwindaji, ingawa kimetiwa maneno ya Kiswahili hapa na pale.

Alirudi Kenya Agosti 1953 na mke wake wa nne, Mary, wakati wa Hali ya Hatari, na Percival akaacha mapumziko ya uzeeni ili amwongoze tena. Januari 23, 1954, ndege ndogo waliyokodi ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison nchini Uganda. Kesho yake ndege ya pili iliyokuja kuwachukua ilishika moto Butiaba ilipokuwa ikijaribu kuruka. Magazeti ya dunia yalitangaza kifo chake, naye akapata kuyasoma. Picha ya shujaa asiyekufa ilizidi kung’aa. Ukweli ni kwamba alijeruhiwa vibaya kichwani, uti wa mgongo na viungo vya ndani. Majuma machache baadaye, kwenye kambi ya uvuvi huko Shimoni, kusini mwa Mombasa, alijaribu kusaidia kuzima moto wa kichakani akaanguka humo, akaungua. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hakuweza kusafiri kwenda Stockholm kuipokea.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya maumivu, pombe na msongo wa akili. Mwaka wa 1960 na 1961 alilazwa katika hospitali ya Mayo, jimbo la Minnesota, na kutibiwa kwa umeme, matibabu ambayo alilalamika kuwa yalimfuta kumbukumbu, mtaji wa pekee wa mwandishi. Baba yake alikuwa amejiua mwaka wa 1928. Asubuhi ya Julai 2, 1961, nyumbani kwake Ketchum, jimbo la Idaho, Ernest Hemingway alijiua kwa bunduki akiwa na umri wa miaka 61.

Aliacha mswada mrefu ambao haukukamilika kuhusu safari yake ya pili ya Kenya. Mwanawe Patrick, aliyeishi Tanganyika na baadaye Tanzania kwa takriban miaka 25 akiwa mwindaji na mwalimu wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, aliupunguza ukachapishwa mwaka wa 1999. Toleo refu zaidi lilitoka mwaka wa 2005. Msimulizi wake ni mzee anayetunza kambi chini ya Kilimanjaro, anayejichekea, anayeomba radhi, anayeshindwa kulala usiku.